Sisi wabeba boksi, na watu waliochorwa kwenye boksi

Bongo kuna kejeli moja ambayo kila aliyewahi kupanda ndege kwenda majuu anaijua. Unabishana na mtu mtandaoni, iwe siasa, iwe Simba na Yanga, iwe bei ya sukari, na akishaishiwa hoja anakumalizia na "wewe kabebe boksi huko". Haijalishi kama unaogesha wazee, unaendesha teksi au umeajiriwa benki na tai yako shingoni, ukishakaa ughaibuni wewe ni mbeba boksi tu na mjadala umefungwa.

Sasa tatizo langu mimi ni kwamba nabeba boksi kweli. Niko San Bernardino, California, na eneo lote hili kuanzia Ontario, Fontana hadi huku kwetu limejaa maghala makubwa yasiyo na dirisha, mizigo inashuka melini kwenye bandari za Los Angeles na Long Beach afu inaletwa huku kwa malori na treni ilale kidogo kabla ya kusambazwa nchi nzima. Kazi yangu ni kutoa boksi kwenye kontena na kuliweka kwenye paleti, kutoa boksi na kuliweka kwenye paleti, mpaka alfajiri. Nikimaliza shifti vidole vinanuka kadibodi na hata sabuni haisaidii.

Kwenye laini yetu kuna mzee mmoja wa Michoacán, mtu wa Mexico kabisa, Kiingereza chake na Kihispania changu vinalingana, yaani vyote vibovu, na ndiyo maana tunaelewana. Usiku mmoja wakati wa kula akanisogezea simu. Binti yake anayesoma chuo huko Long Beach alikuwa amemtumia picha. Nikaona boksi, boksi la kawaida la matunda, lile lenye matundu ya kushikia pembeni na maandishi ya kampuni yamechapwa rangi rangi, lakini juu yake kulikuwa na mtu. Mtu wa shambani, kofia, kitambaa kimefunga pua na mdomo kuzuia vumbi, macho tu ndiyo yanakuangalia. Amechorwa kwa mkaa moja kwa moja juu ya kadibodi na yale maandishi ya kampuni hayakufutwa, yanampitia mwilini. Mzee akapiga kidole kwenye kioo cha simu, akapiga na boksi alilokuwa amelikalia, akacheka.

Aliyechora anaitwa Narsiso Martinez. Nilivyofika nyumbani badala ya kulala nikaanza kumtafuta, na nikagundua huyu jamaa maisha yake yanaeleweka kabisa kwa mtu kama mimi. Kazaliwa Oaxaca, Mexico, 1977, kaingia Marekani ana miaka 20, sekondari kamaliza akiwa na miaka 29 (naomba wale mnaowaambia wadogo zenu "umechelewa" mlisome hilo mara mbili), afu akaendelea na chuo, na ada akawa anaitafuta kwa kwenda kuchuma matunda kwenye mashamba ya matofaa jimbo la Washington. Shahada ya uzamili ya sanaa aliipata 2018, Cal State Long Beach. Watu anaowachora hakuwatafuta kwenye magazeti, ni watu aliochuma nao, waliopanda ngazi moja na waliokula chakula chini ya mti mmoja. Maboksi anayachukua kwenye maduka ya chakula, yale yaliyokwishatoa mzigo. Wakati mwingine nyuma ya kichwa cha mchumaji anabandika karatasi nyembamba ya dhahabu, kama zile duara za mwanga kwenye picha za watakatifu kanisani.

Hebu fikiria njia ya hilo boksi. Limetoka shambani limejaa, mtu aliyelijaza hakuingia nalo dukani, pale dukani kwenye boksi kuna jina la kampuni na pengine picha ya jua linachomoza na shamba zuri lisilo na mtu hata mmoja, kana kwamba matofaa yalijichuma yenyewe yakajipanga. Martinez anachofanya ni kumrudisha yule mtu juu ya boksi lake. Angechora picha ileile kwenye kanvasi ingekuwa picha nzuri tu, ungeipita. Lakini kwenye boksi huwezi kuipita, hasa kama umelibeba.

Nikimuangalia yule mchumaji namkumbuka babu yangu mzaa mama, ambaye sikumkuta ila nimekua na hadithi zake. Alikuwa Muha wa Kasulu, akaja Tanga kukata mkonge, na kwenye mkonge watu kama yeye waliitwa manamba. Nimekua nikidhani ni jina la kabila. Kumbe ni namba tu, watu wa mkataba waliokuwa wanajulikana kwa namba zao. Na hawa wenzetu wa Mexico wana neno lao, bracero, limetokana na neno la Kihispania la mkono, yaani mtu wa mikono. Marekani iliingia makubaliano na Mexico mwaka 1942 wakati wa vita, ikawa inaleta wanaume kwa mikataba ya muda walime na kuvuna, mpango ukadumu mpaka 1964, ikasainiwa mikataba kama milioni nne na nusu hivi. Namba kule, mikono huku. Mwaka 1956 mpigapicha Leonard Nadel alipiga picha za braceros kwenye kituo cha kuwapokea Hidalgo, Texas, wanaume wamepangwa mstari uchi nusu wanapuliziwa dawa ya wadudu ya DDT usoni, na ukiziona hizo picha hutazisahau. Miaka michache baadaye, 1960, Domingo Ulloa, mtoto wa California, akachora kundi la hao wanaume wamesimama nyuma ya waya wa miba, nyuso zimejaa picha nzima mpaka huoni pa kupumulia.

Kitu kingine cha mashamba yale ambacho kilinishangaza, kulikuwa na jembe wanaliita el cortito, fupi, kijembe cha mpini mfupi sana, mtu analazimika kuinama siku nzima. Likapigwa marufuku California mwaka 1975. Bibi yangu Muheza jembe lake mpini ulikuwa unamfikia kifuani, na bado mgongo ulikuwa unamlaza chini. Sasa mtu anakupa kijembe cha kuinamia kwa makusudi, kwa sababu msimamizi akiangalia shamba kwa mbali aliyesimama wima anaonekana haraka kwamba anapumzika. Wazee waliokuwa wanalitumia bado wapo, migongo yao inasimulia.

Ila boksi langu ninalolipenda kuliko yote ni la zabibu, na ni la zamani. Ester Hernandez kazaliwa Dinuba, kwenye bonde la California linalolima zabibu, wazazi wake vibarua wa mashamba. Marekani nzima inalijua lile boksi jekundu la zabibu kavu za kampuni ya Sun-Maid, binti kavaa kofia nyekundu amebeba kapu la zabibu anatabasamu, nyuma yake jua. Huyu mama akapata habari kwamba maji ya ardhini nyumbani kwao, maji ambayo familia yake ilikuwa inaoga na kunywa, yamechafuliwa na madawa ya mashambani. Mwaka 1982 akachapa bango kwa skrini, ileile teknolojia ya kuchapa tisheti za harusi na za kampeni, kila kitu akakiacha kilivyo, kofia, kapu, jua, rangi, ila binti akawa mifupa. Fuvu linacheka na kapu la zabibu. Jina akabadilisha herufi kidogo tu ikawa Sun Mad, jua lililorukwa na akili. Kwetu Tanzania zabibu zinalimwa Dodoma na sijawahi hata siku moja kujiuliza anayepuliza dawa kule anavaa nini usoni.

Hapo ndo nikawa nimenasa. Kila nikitoka kazini natafuta mwingine.

Na nikakuta mmoja ambaye kazaliwa mjini hapahapa San Bernardino, 1986, wazazi wote wametoka Mexico. Jay Lynn Gomez, zamani kazi zake alikuwa anazisaini kwa jina la Ramiro Gomez. Aliacha chuo cha sanaa akaenda kuwa yaya, yaya wa kulala hukohuko, kwenye nyumba ya matajiri Los Angeles. Watoto wakilala mchana, yeye anachukua yale magazeti ya nyumba za kifahari yaliyozagaa sebuleni, majarida mazito ya kuteleza yenye picha za masofa meupe na majiko ya marumaru, anachorea juu yake kwa rangi. Anamuweka dada anayefuta lile jiko. Anamuweka kijana anayepuliza majani kwenye ile bustani. Watu wadogo, hawana sura, umbo tu na rangi ya ngozi na nguo za kazi, kwa sababu ndivyo wanavyoonwa na wenye nyumba.

Halafu akaja na kadibodi (mnaona lakini, kadibodi inarudi tu). Akakata watu wa ukubwa wa binadamu, akawapaka rangi, akaenda kuwasimamisha Beverly Hills, huyu anakata ua, yule anasukuma kigari cha mtoto. Unapita na gari unadhani ni mtu, unarudi ukiangalia vizuri ni boksi. 2012 Obama alipokuwa anakuja kwenye harambee nyumbani kwa mcheza filamu George Clooney, watunza bustani wa kadibodi walikuwa wameshawahi kufika barabarani. Nyingi ya hizo kazi ziliondolewa tu zikapotea, na nadhani hilo lenyewe lilikuwa sehemu ya kazi, maana unaondoa mfanyakazi wa kadibodi na aliyetumwa kumuondoa ni mfanyakazi wa kweli.

Iliyonigonga zaidi ni ya bwawa. Kuna mchoro maarufu sana wa Mwingereza David Hockney wa mwaka 1967, nyumba ya California, jua kali, bwawa la bluu, na maji yameruka kwa sababu mtu karuka ndani sasa hivi, humuoni, unaona maji tu yamepaa. Mchoro wa starehe. Gomez mwaka 2013 akauchora tena, nyumba ileile, bwawa lilelile, ubao wa kurukia uleule, maji yametulia tuli. Pembeni jamaa ana mti mrefu wa kusafishia bwawa, na kule nyuma mwanamke anafuta vioo. Akauita No Splash. Yaani hakuna aliyeruka, leo ni siku ya usafi. Na ukishauona huu, ule wa Hockney hauwi tena kama zamani, kila ukiuangalia unajiuliza hayo maji yote nani anatoa majani humo.

Mi kabla ya kuja huku nilikaa Dar miaka minne, nilikuwa na rafiki kwao Mikocheni, nimekula pale wali wa nazi sijui mara ngapi, mwaka mzima na zaidi. Dada aliyekuwa anaupika simjui jina. Tulikuwa tunamwita dada. Nimekaa nimejitahidi kulikumbuka na kulikumbuka siwezi kwa sababu sikuwahi kuuliza. Sasa nikija huku kulalamika kwamba supavaiza ananiita kwa kunipigia mluzi, naona aibu kidogo.

Siku yangu ya mapumziko nikaamua niende nione kitu kwa macho, maana simu imezidi. Nikaendesha mpaka Valley Glen, bonde la San Fernando, saa moja na nusu kama foleni ina huruma. Pale kuna mfereji wa zege wa kupitishia maji ya mafuriko, Tujunga Wash, na ukutani mwake kuna mchoro wenye urefu wa karibu mita 840. Great Wall of Los Angeles, kazi iliyoongozwa na Judy Baca, walianza kupaka 1976 wakawa wanaongeza majira ya joto hadi 1983, na waliopaka ni vijana zaidi ya 400, wengi wao wametolewa kwenye mikono ya polisi na mahakama za watoto. Huingii ndani ya mfereji, unatembea juu kwenye njia ya watembea kwa miguu pamoja na watu na mbwa wao, unaangalia ng'ambo. Ni historia ya California lakini inasimuliwa kutoka jikoni, sio kutoka sebuleni.

Nilikaa sana sehemu ya miaka ya 1930, ule uchumi ulipoanguka Marekani na Wamexico wakapakiwa kwenye treni kurudishwa, mamia ya maelfu, na wengi walikuwa raia waliozaliwa hapahapa ambao Mexico hawajawahi kuiona. Mbele kidogo kuna familia imetenganishwa na barabara kuu, barabara inawazunguka miilini kama chatu, baba upande huu mama upande ule, na juu uwanja wa besiboli wa Dodgers unashuka kama chombo kutoka anga za juu, kwenye kilima cha Chavez Ravine ambacho watu walifukuzwa. Kuna mama alikuwa anatembeza mjukuu, akasimama karibu yangu, akamwonesha mtoto kwa kidole akaongea Kihispania haraka haraka, neno moja tu nililishika, abuelo. Babu. Sijui babu yake alikuwa kwenye treni au kwenye kilima, sikuwa na lugha ya kumuuliza.

Kurudi nyumbani nikaanza kusoma kuhusu neno rasquache, na nawaambia hili neno ni letu ila lilipotelea Mexico. Rasquache lilikuwa dharau, kitu cha kimaskini, cha ovyo, cha kuungaunga. Mwanazuoni Tomás Ybarra-Frausto mwaka 1989 akaandika kwamba huko kuungaunga ndio mtindo wenyewe, ndio jicho la watu wake, tairi bovu linapandwa maua, kopo la mafuta linakuwa chungu, hakuna kinachotupwa. Umeelewa? Ni kibatari cha kopo la maziwa. Ni kandambili za tairi. Sisi tunavyo vyote ila hatujawahi kuvipa jina zuri likaingia vitabuni. Na hata Chicano lenyewe, jina ambalo Wamarekani wenye asili ya Mexico walilibeba kifua mbele kuanzia miaka ya 60, mwanzo lilikuwa la kubezana. Kwa hiyo ndugu zangu mnaosema "kabeba boksi", angalieni, neno linaweza kuwageuka.

Nitamtaja na Rafa Esparza kwa sababu ya baba yake. Baba alikuwa anafyatua matofali ya udongo huko Durango, Mexico, kabla ya kuhamia Marekani. Mtoto kazaliwa Los Angeles 1981, kawa msanii, na alipowaambia wazazi kwamba ni shoga wakawa hawapikiki chungu kimoja na mzee. Akamuomba baba amfundishe kufyatua tofali. Si kuomba msamaha, si kujadiliana, tofali tu, udongo, majani makavu, samadi, maji, unakanyaga kwa miguu unajaza kwenye kibao. Wakarudi kuongea wakiwa na matope mpaka magotini. Tofali za namna hiyo kijana akazipeleka New York 2017, kwenye maonyesho makubwa ya jumba la sanaa la Whitney, akajenga chumba kizima cha udongo ndani ya jumba lenye kuta nyeupe na akaita wasanii wenzake waweke kazi zao humo. Wapo watu waliokwenda wakasema hiyo nayo ni sanaa, tofali? Mi nimewahi kufyatua tofali likizo ya darasa la sita, mia mbili na ushee, mvua ikanyesha usiku zikarudi kuwa tope. Sitaki kusikia mtu akidharau tofali.

Basi namalizia na wanawake wa cherehani maana kwetu ndo kazi. Kuna Margarita Cabrera, kazaliwa Monterrey, Mexico, kazi zake nyingi El Paso, Texas, mpakani kabisa. Anachukua magwanda ya askari wa mpakani, yale ya kijani, anakaa na wahamiaji kwenye warsha, wanakata na kushona wote pamoja, wanatengeneza mimea ya jangwani, kaktasi za nguo, ile mimea ya miba, za ukubwa wa kaktasi za kweli, ndani ya vyungu vya udongo, na kila mtu anatarizi juu yake safari yake mwenyewe alivyovuka. Gwanda la mtu aliyekuwa anakukimbiza, sasa limekuwa mti na umelishika wewe kwa sindano.

Na kuna Yolanda López wa San Diego, alifariki 2021. Mwaka 1978 alichora picha tatu za Bikira Maria wa Guadalupe, yule ambaye Wamexico wanamuweka kila mahali, kwenye kioo cha gari, kwenye kalenda, kwenye mgongo wa tisheti. Ila badala ya Bikira akaweka watu wa nyumbani kwake. Moja ni yeye mwenyewe anakimbia na raba, gauni limepanda mapaja yote nje, nyoka mkononi. Moja bibi yake amekaa. Na moja ni mama yake, ambaye alikuwa fundi wa kushona. Mama kavaa miwani, kainama kwenye cherehani, mwanga wa utakatifu umemzunguka pande zote, na anachoshona ni lile joho la bluu la nyota la Bikira mwenyewe.

Mama yangu ni fundi cherehani Muheza tangu sijazaliwa. Nikamtumia hiyo picha WhatsApp, nikaandika na maelezo marefu ya utakatifu wa kazi za mikono, nikajiona nimeandika. Baada ya siku mbili ikarudi sauti.

"Marahaba mwanangu. Nimeiona. Huyo mama ni fundi, nimemuona anavyoshika. Lakini joho zito vile asitie sindano namba kumi na nne itamkatikia, atie kumi na sita. Na taa yake iko wapi? Huo mwanga wa nyuma haumsaidii, mwanga unatakiwa mbele kwenye sindano. Macho yatamwisha kama yangu. Umekula?"

Nikamwambia mama, huyo ni mchoro wa zamani, mama mwenyewe alishashona akamaliza. Akasema anajua, yeye si mtoto. Wiki iliyofuata mdogo wangu akanitumia picha ya kibanda, mama kaenda steshenari kaiprinti kwa rangi, kaibandika ukutani juu ya cherehani kwa selotepu, pembeni ya kalenda ya mwaka juzi. Wateja wanamuuliza huyo nani, anawajibu ni fundi mwenzangu yuko Marekani. Kuprinti walimtoza elfu moja na mia tano, na hiyo anasema nimrudishie.